Jina Jekundu Kwenye Jiwe la Fusae

Alhamisi, tarehe ishirini na tatu Septemba, saa tatu na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama ile ya ukutani kwenye bafu la wanaume, nikajiambia bado nina muda wa kuzibua bomba la pili kabla wageni hawajarudi kuoga. Dakika hiyohiyo ndipo mambo yangu yalipoharibika, nami nimepiga magoti, mkono mmoja umezama ndani ya bomba la mti mpaka kwapani, nakwangua magamba meupe yanayoachwa na maji ya moto.

Nikamwona Bi Orie akishuka ngazi za hekalu. Amevaa koti lake la zambarau, kitambaa cheupe shingoni, anashuka ngazi moja moja kwa ajili ya lile goti lake. Na mkononi ana maua.

Hayo maua ndiyo yaliyonishtua. Nusu saa nyuma alipanda nayo. Mtu mwenye goti bovu hapandi ngazi zote zile ili kuyapungisha upepo maua yake. Alikuwa anampelekea Fusae, marehemu mke wangu, kama alivyofanya vuli mbili zilizopita, siku hii hii ya kuzuru makaburi. Sasa mbona anarudi nayo?

"Bi Orie!" nikaita. "Umesahau kuyaacha?"

Akasimama. Akanitazama. Yale macho mpaka leo sijajua niyaite nini. Hayakuwa ya hasira. Hasira naijua, nimekaa nyumba moja na mama mkwe miaka thelathini na mmoja.

"Sikusahau," akasema.

"Wamefunga lango? Maana hawa watu wa kamati ya hekalu, kila mwaka wana kamba yao mpya ya kufunga mahali..."

"Bwana Yasaku, toa mkono kwenye bomba ukiongea na mimi."

Nikautoa. Ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyekanda unga, na unanuka mayai viza. Nikauficha nyuma.

"Nimeliona jina lako," akasema.

"Jina langu? Wapi?"

"Usinifanye mtoto mdogo."

"Bi Orie, nimeamka saa kumi alfajiri, sijaongea na yeyote isipokuwa mabomba. Jina langu umeliona wapi?"

"Linang'aa. Ukisimama langoni tu unaliona. Jekundu kama bakuli jipya la harusi." Sauti yake ilitaka kuvunjika, akaizuia. "Wewe na mkeo mmependeza sana. Hongereni."

Yeye akaanza kutembea kuelekea nyumba ya wageni, nami nikamfuata na mkono wangu wa unga.

"Basi la saa tano na nusu bado lipo?" akauliza bila kugeuka.

"Lipo, lakini umefika jana! Ulisema utakaa siku ishirini!"

"Nilisema mengi. Na nimefanya mengi, Bwana Yasaku. Wewe hujui hata nusu yake."

Akavua viatu mlangoni, akaingia, akausukuma mlango. Akaufunga polepole. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Kwetu bondeni mke akitangulia, jina la mume aliyebaki huchongwa papo hapo kando ya la marehemu, kwenye jiwe hilohilo, halafu herufi zake hujazwa rangi nyekundu. Nyekundu maana yake huyu bado anakula wali, lakini nafasi yake ipo, anangojewa. Siku akifa, nyekundu inatolewa. Fusae alipokufa mimi sikuulizwa. Siku zile sikuulizwa chochote. Wakubwa wa wilaya walikuwa wameifunga zahanati yetu, eti tumebaki wachache, eti gari la wagonjwa linatosha. Fusae akafia ndani ya hilo gari linalotosha, kwenye kona ya tisa ya mlima, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Wakaja kwenye mazishi na suti zao nyeusi, wakainama. Nami nikainama. Kisha kamati ikamtuma mchonga mawe, na nilipozinduka nilikuwa nimeshachongwa.

Miaka minne ya theluji ikaififisha ile rangi. Mwaka jana jina lilikuwa limebaki kama doa la chai. Sikujali. Au nilijali, sijui. Nilipopita pale nilikuwa sitazami upande wangu.

Bi Orie alikuja vuli ya kwanza kutibu goti. Aliketi kwenye mashimo ya mvuke nyuma ya nyumba ya wageni, pale wageni wanapojipikia, ana kikapu cha mayai, hajui ayaache muda gani. Akaniuliza.

"Muda wa kumsengenya mkuu wa wilaya," nikamwambia. "Ukiyataka magumu, msengenye na naibu wake."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe na yeye mjane, mumewe alikuwa muuza samaki wakavu huko Sakata, amekufa miaka minne kabla. Basi tukamsengenya mkuu wa wilaya, tukamalizia na naibu, na mayai yakawa magumu kama mawe, tukayala hivyohivyo. Vuli ya pili alikaa mwezi mzima. Nikirudi kwenye mabomba mikono imebabuka, nakuta ameniachia dirishani bakuli la mafuta ya kupaka. Hasemi kitu. Nami nikawa namfungulia maji ya bafu la wanawake mapema kabla ya wote, nayajaribu kwa kiwiko changu, nayapoza mpaka yawe vile anavyopenda. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu. Tulikuwa na umri wa kuona haya.

Halafu zikaja kadi za posta. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne. Maandishi yetu yana herufi nyepesi za watoto na herufi nzito za wasomi, na hizo nzito nazitambua chache, nyingine zinanipita kama nzi. Sikumwambia. Lakini kadi yake ya kwanza ilikuja na herufi za darasa la nne, ya pili za darasa la kwanza, nyepesi zote, kubwa kubwa, na hajawahi hata siku moja kutaja kwamba amegundua. Nazisoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Usidhani ni jambo dogo kwa mtu kama mimi kupata barua na kutomhitaji mama mkwe.

Alhamisi ile ndiyo nilikuwa nimepanga kumwambia abaki. Mchana, tukila. Nilikuwa nimenyoa.

Nilipanda ngazi zile za hekalu mbilimbili. Kuhani Jikai alikuwa anafagia uani. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, ana pikipiki, na anapenda kutabasamu kabla hujamaliza kusema.

"Mzee Yasaku! Leo mapema. Udi umesahau wapi?"

"Nani amelipaka rangi jina langu?"

"Mchonga mawe. Jumatatu." Akatabasamu. "Kazi safi, eh?"

"Katumwa na nani?"

"Kamati."

"Kamati! Nilijua! Mnakaa huko mnakunywa chai, mnaamua mambo ya watu. Zahanati mlifunga hivihivi..."

"Zahanati si sisi, mzee. Ilikuwa wilaya."

"Ni mulemule. Nani kawapa ruhusa ya kugusa jina langu?"

"Wewe."

Nilidhani ananitania. Akauegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akarudi na ule ubao wa matangazo, ule unaopita nyumba kwa nyumba: unasoma karatasi, unagonga muhuri wako kuonyesha umeona, unampelekea jirani. Akaifunua karatasi ya chini.

"Tarehe nne Agosti. Nikusomee? 'Wenye majina mekundu yaliyofifia, wanaotaka yapakwe upya kabla ya kuzuru makaburi ya vuli, wagonge muhuri hapa.' Nyumba kumi na saba. Waliogonga ni watatu. Huu muhuri ni wa nani?"

Nikautazama. Onodera, jina la nyumba yetu. Umelalia kulia.

"Huo kila mtu anaujua," akasema. "Wewe hugongea kwenye goti."

"Mimi nagonga kila kitu! Ubao ukija nagonga, naupeleka mbele, nani ana muda wa kusoma? Kila mtu anafanya hivyo. Mwaka juzi niligonga nikajikuta nimeandikishwa mashindano ya kuimba ya wazee!"

"Na ukaimba vizuri."

"Kuhani, ifute."

Tabasamu likapungua. "Haifutwi kama ubao wa shule. Nyekundu hutolewa mtu akifa."

"Mimi sijafa."

"Naona. Au mtu akitoka kwenye nyumba. Hapo jina linazibwa kabisa. Lakini hiyo ruhusa haitoki kwangu wala kwa kamati. Inatoka kwa mwenye jiwe."

Sikumuuliza mwenye jiwe ni nani. Mimi nilioa kwa kuingia. Nyumba ya akina Onodera haikuwa na mtoto wa kiume, nikaja na begi moja, nikaacha jina la baba yangu mlangoni, nikachukua lao. Nyumba si yangu. Jiwe si langu, ni la mama mkwe. Hata jina lililopakwa rangi ni la kwao.

Nikaenda kuliona. Kweli lilionekana tangu langoni. Mchonga mawe hakuvuka mpaka hata kwa unywele; kila herufi imejaa, inameta kwa umande. Kando yake jina la Fusae, la kijivu, limetulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kuyaona yote mawili kwa mpigo, na nitasema ukweli ulionitia aibu: nililiona zuri. Nikalipapasa kwa kidole. Machozi yakanitoka, na sikujua namlilia nani, aliye chini ya jiwe au anayefungasha nguo kule chini.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe, Bi Tome, ameketi jikoni anafinyanga matonge ya wali ya sikukuu, anayaviringisha kwenye maharage matamu. Ana miaka themanini na minne na vidole vyake bado vinakwenda kama vya msichana.

"Umekuja bila kuosha mkono," akasema. "Usiguse kitu."

"Mama, ule ubao wa Agosti, uliusoma?"

"Mimi nausoma kila ubao. Katika nyumba hii msomaji ni mimi peke yangu."

"Uliniona nikigonga?"

"Ulikuwa umekaa palepale uliposimama, unakula tikiti. Mbegu ikaangukia karatasi, ukaipuliza, ukagonga."

"Mbona hukuniambia kilichoandikwa?"

Akaviringisha tonge. Akaviringisha la pili. "Nilidhani unajua unachofanya."

"Mama."

"Haya basi. Nilijua hujui. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilifurahi, we mkwe! Kosa liko wapi hapo? Mtu haruhusiwi kufurahi jikoni kwake?" Akaliweka tonge chini. Vidole vikasimama, na hapo nikaogopa, maana sijawahi kuviona vimesimama. "Kadi za yule mwanamke, nani anazitoa kwenye sanduku la barua? Mimi. Naziona. Herufi za watoto. Mwanamke anayemwandikia mwanaume mzima herufi za watoto na asimcheke, huyo hapiti njia tu. Huyo amekuja kuchukua. Nikasema basi, huyu naye anaondoka. Fusae nimemzika. Mume nimemzika. Nina wewe, na wewe hata si damu yangu. Ukaugonga ule muhuri, moyo wangu ukakaa."

Nilikuja nimejaa hasira, sasa sikujua niitue wapi. Kwa kamati imekataa. Kwa kikongwe huyu ingekuwa dhambi.

"Nani alisema naondoka?" nikamuuliza.

"Unamtaka abaki?"

"Namtaka."

"Yeye anataka?"

"Sijui. Amekaribia kulia kwa sababu ya jina, na sasa anataka kuondoka na basi. Mtu analilia jina la mtu kama hataki? Halafu anasema amefanya mengi, sijui nusu yake. Mama, mimi sielewi kitu."

"Hilo si jipya. Basi lake saa ngapi?"

"Tano na nusu."

Akatazama saa. Akanawa mikono polepole, akajifunga kitambaa kichwani, akayapanga matonge sita kwenye sanduku la chakula.

"Lete kigari changu," akasema.

Kigari chake ni kile cha magurudumu manne wanachosukuma vikongwe, ukichoka unakikalia. Kutoka kwetu hadi kituo cha basi ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu wangu. Kwa kigari cha Bi Tome ni safari. Kila baada ya nguzo mbili anasimama anapumua, ananikataza nisimshike.

"Mama, tutachelewa."

"Tangulia basi, ukamweleze kwa huo ufasaha wako."

Sikutangulia.

Bi Orie alikuwa kwenye benchi la kituo, mkoba miguuni, maua juu ya mkoba. Alipotuona wawili akasimama haraka, akainama sana, goti likamlazimu ashike nguzo.

"Bibi, samahani kwa usumbufu."

"Kaa," Bi Tome akamwambia, naye akakalia kigari chake, akamtazama kuanzia kitambaa mpaka viatu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana uso kwa uso. "Huyu ana neno. Sema, mkwe."

Nikasema. Nikasema vibaya, nikaanzia kwenye tikiti, nikarudi kwenye ubao, nikapitia kamati na mashindano ya kuimba. Lakini nikasema yote. Kwamba sikusoma. Kwamba niligonga kama ninavyogonga kila siku.

Bi Orie alisikiliza mikono ameiweka mapajani.

"Tarehe ngapi?" akauliza.

"Nne Agosti."

Akacheka. Kicheko kile kilinikata maini.

"Mimi ilikuwa tarehe kumi na nane," akasema. "Baada ya sikukuu ya wafu. Nilikwenda kwa mchonga mawe Sakata. Na mimi nina jina jekundu, Bwana Yasaku. Nilikuwa nalo. Ubavuni kwa mume wangu, miaka sita, na mwaka huu limefifia kama lako. Mwaka jana nililiona lako limekuwa kama chai, nikajiambia huyu anajiachia taratibu bila kelele, kama anavyofanya kila kitu. Nikaona na mimi niwe na ujasiri. Nikamwambia yule fundi alizibe. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu nina hakika. Shemeji yangu alipojua akaniambia nisikanyage tena pale, hai wala maiti. Nikasema sawa." Akameza mate. "Leo asubuhi nilipanda kumwambia Fusae kwanza. Nilitaka ajue kabla yako. Niliona ndiyo adabu. Nikafika langoni nikakuta umejipaka upya."

Nikakaa chini, pale pale kwenye lami.

"Inuka, watu watakukanyaga," akasema Bi Tome.

"Watu gani, Mama? Kijiji kizima kiko makaburini."

"Bwana Yasaku," Bi Orie akaniita, na sauti yake ikashuka, ikawa ile ya kwenye mashimo ya mvuke. "Nikuulize kitu kimoja, na usinidanganye kwa kunihurumia. Ulipokwenda kuliona leo, uliona nini?"

Hapo palikuwa pa kusema uongo. Mwanaume mwerevu angesema niliona damu, niliona kosa, niliona kamati.

"Niliona limependeza," nikasema.

Bi Tome akageuza uso upande wa mlima.

"Asante," Bi Orie akasema. Machozi yakamtiririka, hakuyafuta. "Asante kwa kutonidanganya."

"Lakini nataka ubaki. Nilinyoa kwa ajili hiyo. Vyote viwili ni kweli, Bi Orie. Lile jina nalipenda likiwa pale, na wewe nakutaka hapa, na sijui mtu anayafanyaje hayo mambo mawili ndani ya kifua kimoja. Ningekuwa nimesoma labda ningejua."

"Waliosoma nao hawajui."

Tukatazamana. Nywele zake zilikuwa zimelowa kidogo pembeni, bado kwa mvuke wa bafu la alfajiri, maji niliyoyapoza mimi. Nilitaka kunyoosha mkono. Ulikuwa bado mweupe, sikuwa nimeunawa. Yeye ndiye aliyeushika, na magamba yake yote, akaufunika kwa mikono yake miwili. Hajawahi kunishika. Vuli tatu, mabakuli ya mafuta, mayai, kadi, na hajawahi kunishika. Nikahisi nimerudi kijana wa miaka ishirini na nane, na wakati huohuo nikahisi uzee wangu wote.

"Sasa mimi niende wapi?" akasema kwa sauti ya chini, kama hasemi nami. "Sakata nimejiziba. Hapa pamejaa. Siku nikifa watanitia kwenye sanduku la barua?"

"Basi ingia kwangu," akasema Bi Tome.

Tukageuka wote wawili.

"Msinitazame hivyo, sijarukwa na akili. Huyu aliingia kwangu na begi moja, akawa mtoto wangu kwa maandishi. Na wewe ingia. Uwe binti yangu kwa maandishi, uchukue jina la Onodera, ndipo muoane au msioane, hayo ni yenu. Jiwe langu lina nafasi upande wa kushoto. Nimelipima mwenyewe kwa shibiri ya kiganja." Akanyoosha kiganja kuonyesha. "Majina matatu yanaenea. Sikufanyii hisani, mama. Nataka mtu wa kuniwashia udi ambaye anajua kusoma."

"Mama," nikasema, "unajua unachosema?"

"Kuliko wewe ulivyojua ulichogonga."

Bi Orie akamtazama kikongwe, akanitazama mimi, akayatazama maua yake. Rangi ilimpanda usoni, ikashuka, ikapanda tena. Sikuweza kusoma kama ni furaha au anataka kukimbia. Bi Tome akafungua sanduku la chakula, akamsogezea.

"Kula kwanza. Umepanda ngazi na tumbo tupu."

Akachukua tonge moja. Akalishika tu. Basi likatokea kwenye kona, likaja likasimama mbele yetu, tupu, hata abiria mmoja. Mlango ukafunguka. Dereva akachungulia, akamwona Bi Tome kwenye kigari, mimi kwenye lami, na mwanamke wa mjini ana machozi mashavuni na tonge la wali mkononi.

"Jamani, sikukuu njema," akasema. "Nani anapanda?"

Bi Orie akalirudisha tonge sandukuni.

"Mama, nina ratiba," akamwambia Bi Orie. "Wakubwa wananipigia simu nikichelewa dakika moja."

"Waambie wakubwa wako wangoje!" nikamfokea. "Wametungojesha sisi miaka mingapi?"

"Bwana Yasaku," Bi Orie akasema.

Akauinua mkoba. Moyo wangu ukaenda nao. Akapiga hatua mbili, akaweka ule mguu mzima kwenye kipandio cha basi, ule wenye goti bovu ukabaki chini, kwenye ardhi yetu. Akasimama hivyo, mkono mmoja kwenye chuma cha mlango, nusu amekwenda, nusu amebaki, na dereva mwenyewe akaacha kutazama saa yake. Kisha akageuka. Hakunitazama mimi peke yangu. Alitutazama wote wawili, mimi na Bi Tome, kama mwalimu anayetazama watoto waliomaliza hesabu haraka mno.

"Mmeligawa jiwe vizuri," akasema. "Kushoto mimi, kulia Fusae, katikati Bwana Yasaku. Na Fusae mwenyewe? Kati yenu wawili, nani amemuuliza?"